Meza ya Mwanga

Kazi yangu ni kutazama ndani ya nyama.
Kiwandani Quellón, kusini kabisa mwa kisiwa,
minofu ya samoni hupita juu ya kioo
chenye taa chini yake,
nami, glavu mbili kila mkono,
natafuta mwiba uliosahauliwa,
doa la damu, mnyoo aliyejikunja kama herufi.
Juu ya meza ya kawaida mnofu ni mnofu tu,
mwekundu, safi, wa kuandaliwa harusini.
Washa taa, utatubu.

Hayo nayajua mwaka wa kumi na moja sasa.
Ndiyo maana naona haya kusimulia yaliyofuata.

Rayén alikuwa na miaka saba. Haumwi popote.
Meno meupe kama kiazi kilichomenywa sasa hivi,
pengo moja mbele, alilolitembeza mtaa mzima.
Daktari Oyarzún aliingiza kioo chake kidogo,
akakizungusha, akasema, "Sioni kitu."
Nikanyanyua mkoba.
"Sioni kitu," akarudia, "ndiyo maana nataka picha.
Magego yamebanana. Hapo yanapogusana
jicho langu halina mlango."

Nikasema: lakini haumwi.
Nikasema: mionzi, kwa kichwa kidogo hivi?
Nikasema, kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kilo,
kwamba mvua haikatiki na basi la mwisho ni saa kumi na mbili.
Yerko wa eksirei hakunicheka.
Mionzi ni kidogo, alisema, si kila mtoto, si kila mwezi;
picha mbili, kulia na kushoto,
kisha kinywa chenyewe kitatuambia turudi lini.
Akamvika aproni. Rayén akasema
inalemea kama paka wa bibi.
Akauma kile kiplastiki, mate yakamshuka kidevuni.
Mlio mmoja, kama mtu aliyebonyeza kalamu.
Basi.

Kisha ule mwanga.

Meno ya binti yangu yakatokea kwenye skrini, ya kijivu,
na kati ya magego mawili ya nyuma,
pale hata uzi huingia kwa kulazimishwa,
kivuli. Chembamba kama kipande cha ukucha.
Kikulacho ki nguoni mwako;
hiki nguo yake ilikuwa nyeupe.

Mkate na manjari, kitandani,
kila usiku wa zamu yangu, ili asilie.
Hakuna aliyeniuliza.
Oyarzún alishuka chini zaidi kwa ncha ya kalamu:
"Na haya, unayaona?"
Chini ya kila jino la utotoni, ndani ya taya,
jino jingine, zima, mizizi bado,
limelala kama mpangaji asiyejua
kwamba dari inaoza.

Hilo ndilo lililonikalisha kitako.

Mama yangu Clorinda, meno yake hulala glasini.
Aling'olewa yote akiwa na miaka ishirini na sita,
yanayouma na yasiyouma, Jumapili moja,
na daktari aliyefika kisiwani mara moja kwa mwaka
na alikuwa na haraka.
Hakuna aliyemtazama ndani.
Jino la pembe si dawa ya pengo:
mpaka leo hucheka amefunika mdomo,
hata umeme ukikatika.

Tundu lilikuwa bado dogo. Lilizibwa Alhamisi,
na Rayén alitaka kujua jambo moja tu,
kivuli kimeuawa au kimefukuzwa.
Sikumjibu vizuri.

Nimerudi zamu. Mnofu unapita, na mwingine, na mwingine.
Nikiuona mwiba siku hizi nauambia kwa sauti,
nimekuona.
Mwenzangu Nolfa anadhani nimechoka.

Tarehe ya picha nyingine nimeiandika ukutani juu ya jiko
kwa ile kalamu ya masanduku ya samaki.
Mama ameisugua mara mbili, akidhani ni uchafu.
Haifutiki.